Umedanganywa na The Murder of Roger Ackroyd? Jibu langu baada ya kuisoma mara mbili

Dada uliyeanzisha uzi, umesema umemaliza The Murder of Roger Ackroyd ya Agatha Christie ukajiona umeibiwa, na huelewi kwa nini wengine wanaiweka juu ya riwaya zote za upelelezi. Waliotangulia kuchangia wamegawanyika. Wapo wanaosema mwandishi kavunja uaminifu, wapo wanaomvulia kofia, na mmoja kasema aliishia ukurasa wa hamsini kwa sababu aliona wanakijiji wanapiga soga tu. Mimi nimeshasimama pande zote mbili za ugomvi huu, kwa hiyo nivumilie nikijibu kwa urefu. Ambaye hajaisoma aishie hapa tafadhali, maana lalamiko lako halijadiliki bila kumtaja muuaji.

Mimi ni muuguzi. Miaka kadhaa nyuma tulikuwa na kikundi cha kusoma, watu wanane, wengi wetu wa wodi moja, pamoja na mzee mmoja mwalimu mstaafu wa Kiingereza ambaye ndiye aliyetuletea kitabu. Tulisoma sura mbili kwa wiki na kukutana Jumamosi jioni. Siku tuliyofika mwisho, palipobainika kwamba muuaji ni Daktari Sheppard, yuleyule anayetusimulia hadithi tangu mstari wa kwanza, chai ilipoa mezani. Mzee alikuwa na uchungu kweli. Alisema msimuliaji ni mwenyeji wako: umeingia kwake, umekula chake, umelala kwake, kumbe ndiye mwizi. Binti mdogo kuliko wote pale akasema alimshuku tangu sura ya nne, kwa sababu "daktari anataja saa mno." Hatukumwamini, tukadhani anajisifu.

Nilikuwa upande wa mzee, na sababu yangu ilikuwa ya kazini. Alichoandika daktari kwenye faili mimi natekeleza, sianzi kumshuku. Na Sheppard ni daktari wa kijijini kabisa: mpole, anakaa na dada yake Caroline, anaitwa usiku anatoka, anazijua siri za kila nyumba pale King's Abbot. Nilimwamini kwa mazoea. Baadaye niligundua kwamba wasomaji wa mwaka 1926, kitabu kilipotoka, walikuwa na mazoea yao pia. Riwaya za Poirot, mpelelezi wa Christie, za 1920 na 1923 zilisimuliwa na rafiki yake Hastings, mtu mwema asiyeona mbali. Safari hii Hastings yuko Argentina na daktari amekaa kwenye kiti chake. Sisi tuliokulia na riwaya za Muhammed Said Abdulla tunalijua hili: mpelelezi Bwana Msa akiwa kazini, nani anakumbuka kumshuku rafiki yake Najum?

Kilichonirudisha kwenye kitabu ni tukio la kazini. Katika hospitali niliyokuwepo wakati huo, mgonjwa mmoja alibadilika hali usiku. Alipona, namshukuru Mungu, lakini asubuhi tulikaa kupitia faili. Maandishi ya zamu yalikuwa safi: saa 5 presha hivi, mapigo hivi, saa 8 hivi. Kila tarakimu ilikuwa ya kweli. Ila mgonjwa yule alitakiwa kupimwa kila baada ya saa moja, na kati ya saa 5 na saa 8 hapakuwa na neno. Aliyeandika hakuandika uongo hata mmoja. Sote tuliokuwa tunasoma tuliruka lile pengo, kwa sababu mistari ilifuatana vizuri, mpaka daktari wa zamu alipoweka kidole hapo.

Jioni ile nilikumbuka maneno ya yule binti. Nikachukua kitabu na kalamu ya risasi.

Sura ya nne. Sheppard amekula chakula cha usiku nyumbani kwa Ackroyd, tajiri atakayeuawa, wamejifungia chumba cha kusomea, barua ya Bi Ferrars inaletwa. Bi Ferrars amejiua kwa sababu kuna mtu anamkamua fedha ili amfichie siri, na barua ndiyo itakayomtaja mtu huyo, ambaye ni Sheppard mwenyewe. Daktari anatuambia barua ilikuja saa 2:40 usiku. Sentensi inayofuata inasema alimwacha Ackroyd saa 2:50, barua bado haijasomwa. Anasita akiwa ameshika kitasa, anageuka kutazama nyuma, anajiuliza kama kuna jambo hajalitimiza. Mara ya kwanza niliona daktari mwangalifu anayemhurumia rafiki yake. Mara ya pili nywele zilinisimama, maana anayetazamwa pale ni maiti. Dakika kumi zimemezwa na nukta moja kati ya sentensi mbili.

Halafu anatoka, na anapopita lango kuu saa ya kanisa inagonga saa 3. Poirot baadaye anauliza: kutoka mlangoni mpaka langoni ni mwendo wa dakika tano, umetumiaje kumi? Jibu lilikuwa machoni petu muda wote. Ni lile pengo la saa 5 hadi saa 8.

Na haliko peke yake. Maiti inapogunduliwa, Sheppard anasema alifanya yale machache yaliyohitaji kufanywa. Mimi nilisoma hapo kama muuguzi, nikaona daktari anapima mapigo, anafunga macho ya marehemu. Kumbe anaingiza kwenye mkoba wake kinasa sauti alichokitega kitoe sauti ya marehemu, na kurudisha kwenye nafasi yake kiti kilichokificha. Sentensi ni ya kweli. Maana yake niliijaza mwenyewe.

Ndiyo maana, dada, lalamiko la kudanganywa silikubali tena, ingawa naliheshimu, na wenye uzito wamelitoa kabla yetu. Mwaka 1929 Ronald Knox, padri na mwandishi wa hadithi za upelelezi, alitoa kanuni kumi za kuziandika, na mojawapo inasema rafiki wa mpelelezi asimfiche msomaji mawazo yanayompitia kichwani. Kwa kanuni hiyo Sheppard ana hatia, hilo halina ubishi. Dorothy L. Sayers, naye mwandishi wa upelelezi, alimtetea Christie kwamba kazi ya msomaji ni kumshuku kila mtu. Nasimama na Sayers. Mwaka 1945 Edmund Wilson aliandika katika The New Yorker makala yenye kichwa kinachouliza nani anajali nani kamuua Roger Ackroyd, akiipinga aina nzima ya riwaya hizi. Mwaka 2013 wanachama wa chama cha waandishi wa riwaya za uhalifu cha Uingereza walipiga kura wakaichagua hii kuwa bora ya wakati wote. Kwa hiyo mgawanyiko wa uzi huu una karibu miaka mia.

Sasa, kasoro ninazo, ila si hiyo. Ile ya kinasa sauti inanikwaza. Saa 3:30 watu wanasikia sauti ya Ackroyd nyuma ya mlango, kumbe ni mashine iliyotegwa ijiwashe yenyewe. Dalili tulipewa, daktari anapenda kuchokonoa mashine, lakini bado naona kamba imevutwa sana. Katikati pia panachosha. Kila mtu ana siri yake, Poirot anatangaza hivyo mbele yao wote, kisha tunazichambua moja baada ya nyingine: mhudumu mkuu, msimamizi wa nyumba, shemeji mjane. Kufikia ya tatu nilikuwa nahesabu kurasa.

Na mwisho. Poirot anamwambia daktari kwamba asubuhi polisi watajua, na anamwachia nafasi ya kunywa dawa nyingi za usingizi ili Caroline asipate aibu. Dawa ni veronal, ileile iliyomwua Bi Ferrars. Nimehudumia watu waliojaribu njia hiyo, nimekaa na ndugu zao kwenye benchi la nje. Christie anaipitia kama heshima kati ya waungwana wawili, na mimi hapo simfuati kabisa. Hakuna dada anayeamka asubuhi akamkuta kaka yake hivyo halafu tukasema amesitiriwa.

Hasa dada kama Caroline. Wewe uliyeishia ukurasa wa hamsini, rudi kwa ajili yake. Hata akikaa tu nyumbani, habari za kijiji kizima zinamfikia kupitia muuza maziwa na wasichana wa kazi, na mara nyingi yuko sahihi kuliko polisi. Usiku wa mchezo wa majong, wanawake wakitupiana vigae na umbea kwa zamu, ni sura ninayoirudia kwa raha tu. Ile soga unayoilalamikia ndimo dalili zilimofichwa, hata Poirot anapotupa mumunye juu ya ukuta likakaribia kumpiga daktari sikioni. Christie mwenyewe alisema alimpenda Caroline kuliko wote kitabuni, na kwamba huenda ndiye aliyemzaa Miss Marple, bibi mpelelezi wa riwaya zake nyingine, aliyepata riwaya yake ya kwanza mwaka 1930. Yuko hata profesa wa Ufaransa, Pierre Bayard, aliyeandika kitabu kizima mwaka 1998 akidai muuaji halisi ni Caroline na kaka yake anamkinga. Sikushawishika, ila nilipomaliza hoja zake nilirudi tena sura ya nne kuhakikisha.

Anza hapohapo, dada. Kutoka barua inapoingia mpaka saa ya kanisa inapogonga, polepole, kila saa inayotajwa uipigie mstari.

Nilimpelekea mzee wetu kurasa hizo na alama zangu za kalamu. Alizisoma mara mbili, akavua miwani, akasema sentensi zote ni halali, na mwenyeji bado ni mwizi.