Kichwa cha kifaru kwenye sanduku la babu

SWALI: Shikamoo. Kwenye sanduku la marehemu babu, hapa Tosamaganga, tumekuta kitambaa chenye kichwa cha kifaru. Alipigana Burma. Ni nembo ya nini?
Mjukuu, Iringa

JIBU: Marahaba mjukuu. Kishike kwa mikono miwili! Ni nembo ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki (kikosi kikubwa cha jeshi la Waingereza katika Vita vya Pili vya Dunia), iliyoundwa 1943 na kuvuka mto Chindwin huko Kalewa, Burma, Desemba 1944. Kifaru ni mnyama wa kwetu, ngozi nene, na akija anatanguliza pembe. Divisheni ya 81 ya Afrika Magharibi ilivaa buibui, yule Ananse mjanja wa hadithi zao. Mimi moyo wangu uko kwa kifaru. Tazama ukingoni: vitundu vya sindano vikiwepo, kilishonwa kwenye sare. Usikifue kabisa; kifunge kwenye karatasi safi, mbali na jua.