Zulia la thaimu itambaayo kwenye udongo wa mfinyanzi

Nilipopanda thaimu itambaayo, mmea mfupi wenye harufu nzuri unaotanda ardhini kama zulia, kwa mara ya kwanza mbele ya nyumba yetu hapa Leicester, Uingereza, niliihudumia jinsi mama alivyotufundisha kuhudumia mchicha: nililima kwa kina, nikachanganya samadi ya kutosha na kumwagilia kila jioni mvua isiponyesha. Ilikuwa mwezi Oktoba. Kufikia Februari miche yote ilikuwa imeoza kwenye shina, myeusi na laini, ingawa baridi ya mwaka ule haikuwa kali. Kilichoiua ni maji yaliyotuama kwenye mfinyanzi majira yote ya baridi, kwa sababu mmea huu huvumilia barafu vizuri lakini hauvumilii mizizi yake kukaa majini.

Thaimu hii ni mmea wa Ulaya, na huko porini huota kwenye mchanga, miamba na nyasi fupi, penye jua na rutuba haba. Ukiipa mbolea hurefuka, hulegea na kutoa maua machache. Kwa hiyo mara ya pili sikuongeza samadi hata kidogo. Niliondoa udongo wa juu kiasi cha sentimita 15, nikauchanganya na changarawe ndogo karibu nusu kwa nusu, kisha nikaurudisha ukiwa umeinuka kama tuta pana ili mvua iteremke pembeni. Nilipanda mwishoni mwa Aprili, miche 20 kwenye eneo la mita 2 kwa 1, nikiacha sentimita 30 hivi kati ya mche na mche, mahali panapopata jua kwa saa 6 au zaidi.

Nawasihi wanaoanza wanunue miche badala ya mbegu. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi, hupandwa juu ya udongo bila kufukiwa kwa kuwa zinahitaji mwanga, na vichipukizi vyake hufa kwa urahisi. Zaidi ya hayo, mtandaoni zinauzwa mbegu zenye picha za zulia la buluu au jekundu kama damu. Mimi nilinunua pakiti moja ya namna hiyo, na kilichoota hakikuwa thaimu kabisa. Maua ya thaimu ni ya waridi, zambarau au meupe; iliyo karibu zaidi na nyekundu ni aina iitwayo Coccineus, yenye rangi ya zambarau iliyokolea, nayo huzalishwa kwa vipandikizi ili ibaki na sifa zake.

Mwaka wa kwanza kazi kubwa ni palizi. Mmea haukui kuzidi sentimita 10, hivyo magugu huuzidi kimo upesi, na ni lazima uyang'oe kwa mkono kabla matawi hayajakutana. Kumwagilia ni kwa majuma ya mwanzo tu, na wakati wa ukame mrefu. Mwaka wa pili zulia langu lilifunga nafasi nyingi, na maua yakaja Juni hadi Julai. Maua yakiisha mimi hupunguza ncha kwa mkasi, bila kufika kwenye sehemu ngumu ya shina isiyo na majani, kwa sababu hapo hauchipui tena kwa urahisi. Usipofanya hivyo katikati hukakamaa na kubaki na upara. Upara ukitokea, tafuta pembeni tawi lililokwisha kutoa mizizi, likate, ulipandikize hapo masika yanapoanza. Sijanunua mche mwingine tangu nigundue njia hii.

Hustahimili kukanyagwa mara mojamoja, na kila hatua hutoa harufu nzuri, lakini haifai kuchukua nafasi ya nyasi mahali watoto wanapocheza mpira. Nyuki nao huipenda mno. Mwezi Juni wanangu hawaruhusiwi kupita pale miguu mitupu, na kwenye njia ya kuelekea mlangoni nimeweka mawe bapa, thaimu ikijaza nafasi zilizo katikati yake.