Kabla hujambebea wakili wa Serikali faili

Kila mwaka nawapokea vijana wawili watatu, wengine wametoka chuo cha mahakama cha Lushoto, wengine vyuo vya hapa hapa Kanda ya Ziwa, wana astashahada au stashahada ya sheria na shati limepigwa pasi vizuri. Swali lao la kwanza huwa lile lile: "Dada, hivi sisi hapa tunafanya nini hasa?" Wamezoea kusikia kwamba msaidizi wa kisheria ni yule wa vijijini, anayetambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, anayemsaidia mjane kudai shamba lake. Sisi ni wa ndani ya ofisi. Tunawaandalia kesi mawakili wa Serikali. Wa jinai wako chini ya Mkurugenzi wa Mashtaka. Wa madai wako chini ya Wakili Mkuu wa Serikali, ofisi iliyoanzishwa 2018. Mimi maisha yangu yote ya kazi nimekuwa jinai, kwa hiyo nitasema ya jinai.

Jibu ninalowapa ni hili: tunatafuta kisichokuwemo kwenye faili.

Faili la polisi likitua mezani, mgeni hulisoma kama hadithi. Anamwonea huruma aliyeibiwa, anamkasirikia mshtakiwa, na akifika ukurasa wa mwisho ameshamhukumu. Wakili wa utetezi halisomi hivyo. Anapekua tarehe, saini, namba, jina la askari aliyekabidhi na la aliyepokea. Wewe usome kama yeye, wiki mbili kabla yake.

Nilijifunza hili kwa uchungu mwaka wangu wa kwanza, katika kituo ambacho sitakitaja. Ilikuwa kesi ya unyang'anyi ziwani: watu wamevamiwa usiku, wamenyang'anywa nyavu na injini ya boti. Mashine, kama wavuvi wanavyoiita, ndiyo mali kubwa ya mtu wa mwaloni, pale boti zinaposhushia samaki. Ikienda, familia nzima imeenda nayo. Mashine ilipatikana. Hati ya ukamataji mali ilikuwepo, risiti ya mwenye mali ilikuwepo, namba kwenye karatasi zote mbili zilifanana. Niliandaa orodha ya vielelezo nikiwa nimekaa kwenye kiti, nikaridhika. Mahakamani, wakili wa utetezi akamwomba mwenye mali asogee kwenye mashine, aisome namba kwa sauti. Mzee akainama, akafuta grisi kwa kidole gumba, akasoma. Tarakimu moja ilikuwa 3. Karatasi zetu zilisema 8. Aliyejaza hati alinakili kutoka kwenye risiti badala ya kuangalia chuma chenyewe, na mimi nilinakili kutoka kwake. Wakili wangu aligeuka akanitazama. Hakusema neno, na sijasahau ile sura.

Tangu siku hiyo siandiki kielelezo ambacho sijakishika. Naomba kwenda chumba cha vielelezo, nabeba kitambaa na tochi, nasoma namba mwenyewe, ndipo nalinganisha na hati, lebo, kitabu cha vielelezo na maelezo ya kila shahidi aliyekigusa. Rangi pia. Simu iliyoandikwa nyeusi kwenye hati na bluu kwenye maelezo ya mpelelezi itakuaibisha bure. Kisha nachora mstari kwenye karatasi moja: nani alikamata, akampa nani, lini, kwa maandishi gani, hadi kielelezo kinaingia mahakamani. Tangu Mahakama ya Rufani iamue shauri la Paulo Maduka na wenzake dhidi ya Jamhuri, hakuna wakili wa utetezi anayesahau kuuliza kuhusu mnyororo huo wa makabidhiano. Pakikosekana mkono mmoja, mwambie wakili wako mapema. Pengine yupo askari aliyehamishiwa Mara au Geita ambaye hakuandikishwa maelezo, na bado muda upo wa kumpata.

Vielelezo vinavyooza vina adha yake. Huku kwetu utakutana na nyama ya porini na sangara wachanga walio chini ya sentimita 50, na hakuna wa kuvitunza miezi sita. Hakimu hutoa amri viteketezwe, na kinachobaki ni fomu ya inventori, yaani orodha ya vitu hivyo. Angalia kitu kimoja: je, mshtakiwa alikuwepo mbele ya hakimu na akapewa nafasi ya kusema kabla ya amri hiyo kutolewa? Katika Rufaa ya Jinai Namba 385 ya 2017, Mohamed Juma Mpakama dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ilikataa kuitegemea fomu ambayo mshtakiwa hakushirikishwa. Kama picha zilipigwa, zitafute. Hukumu hizi zinapatikana bure kwenye tovuti ya TanzLII, na nakuomba ujizoeze kusoma walau moja kwa wiki. Nyingi ni za Kiingereza ijapokuwa marekebisho ya sheria ya 2021 yamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, kwa hiyo usiache kukinoa Kiingereza chako.

Sasa mashahidi. Hapa ndipo kazi yetu ilipo, na hakuna chuo kilichonifundisha.

Shahidi wa Nyamagana, hapa Mwanza mjini, utamwita kwa simu, atapanda daladala. Shahidi wa kisiwani ni habari nyingine. Wavuvi wa dagaa wanafanya kazi wakati wa giza. Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawaifuati taa, basi watu wanapumzika, wengine wanarudi makwao, wengine wanahamia kambi nyingine kabisa. Kwa hiyo tarehe inapopangwa mimi naangalia kalenda ya mwezi wa angani kabla ya ile ya ukutani. Ukimwita mvuvi katikati ya giza unamnyima riziki ya wiki, na kuna uwezekano mkubwa samansi, hati ya kumwita mahakamani, imkose. Ukingoja mbalamwezi ikolee bila kuwa umeongea naye, utakuta kambi imebaki majivu ya jiko. Ongea naye giza likiwa linaisha, umuulize anaelekea wapi. Wakili akijua hili anaweza kuiomba mahakama tarehe yenye maana.

Usichukue namba moja ya simu. Laini zinapotea majini kila siku. Chukua ya shahidi, ya tajiri mwenye mtumbwi, ya mwenyekiti wa BMU, kile kikundi cha wavuvi cha kusimamia mwalo, ya mtendaji wa kijiji, na ya mama anayemlisha pale kambini. Yule mama ndiye anayejua nani yuko wapi. Mweleze tu kwamba unamtafuta fulani. Habari za kesi usimpe hata kidogo, kwa sababu visiwani neno linafika kabla ya boti.

Anayetoka Ukerewe apange kuvuka siku moja kabla. Kutoka Nansio ni safari ya saa kadhaa, na ziwa likichafuka hakuna kesi itakayomlazimisha nahodha. Wa upande wa Sengerema wamepata nafuu tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025. Ila wote waulize: utalala wapi, umekula, nauli ya kurudi unayo? Suala la posho lifuatilie wewe kabla shahidi hajafika. Mtu mzima asiombe nauli kwenye korido mbele ya ndugu wa mshtakiwa.

Akifika, mwamkie kama anavyostahili, mkalishe, msomee maelezo yake. Wazee wengi walihojiwa kwa Kisukuma au Kikerewe na askari akaandika Kiswahili, hivyo muulize kama ndivyo alivyosema. Kama atahitaji mkalimani, sema mapema. Na usikilize kile kisichoandikwa. Maelezo yatasema "nilimtambua kwa mwanga wa taa." Taa ipi? Taa nyingi za dagaa siku hizi zinaelea na mwanga wake unatazama chini majini. Ilikuwa umbali gani, aliuona uso kwa muda gani, alikuwa akimfahamu kabla? Ndiyo maswali ya shauri la utambuzi la 1980, Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, na yataulizwa tu.

Hapa nakusihi sana: majibu yawe yake. Usimwambie alikuwa umbali gani. Usimkumbushe asichokumbuka. Akisema hakuuona uso vizuri, andika hivyo hivyo na umpelekee wakili siku hiyo hiyo, hata kama wote mnaamini mmempata mwizi. Kuna mtu yuko mahabusu katika gereza la Butimba anayesubiri kesi hii, na wakili hawezi kuamua iendelee au iondolewe kama wewe umemficha ukweli kwa kuogopa kumkatisha tamaa.

Kwa kesi za mauaji zinazokwenda Mahakama Kuu, lipo jambo moja la kulinganisha kwa kalamu mkononi. Shahidi ambaye maelezo yake hayakusomwa wakati kesi inahamishwa kutoka mahakama ya chini hawezi kuja tu kusimama kizimbani. Lazima notisi ya maandishi itangulie. Pitia orodha ya siku ile, mmoja mmoja, kabla kikao hakijapangwa.

Na siku ya kusikilizwa, ukiwa umekaa nyuma ya wakili, shika karatasi yenye vielelezo vyote. Nyaraka ikishapokelewa kuwa kielelezo, isomwe kwa sauti mahakamani. Msimamo huo ni wa zamani, uko katika shauri la Robinson Mwanjisi la 2003, na bado unasahaulika kesi ikipamba moto. Ukiona wakili anataka kuendelea bila kuisoma, mpelekee kikaratasi. Atakushukuru.

Hukumu ikitoka wakili anaingia faili jingine. Kuna bibi mmoja wa kisiwa cha Ukara aliyevuka mara tatu kwa sababu kesi iliahirishwa mara mbili, akatoa ushahidi akiwa na homa. Miezi minne baadaye alinipigia kuuliza kesi ya mwanawe imefikia wapi. Ilikuwa imeisha siku nyingi. Sasa nina daftari dogo, ukurasa mmoja kwa kila kesi, majina na namba za mashahidi, na hukumu ikisomwa nakaa nje chini ya mti na kuwapigia wote kabla sijarudi ofisini. Nitakupa la kwako siku utakayoripoti.