Kabla Hujachana, Tazama Wanaocheza

Mwezi uliopita alikuja kijana kwenye chumba changu cha kurekodia hapa Morogoro. Shikamoo kaka, marahaba, akakaa, akatoa simu. "Kaka, nina vesi 42 humu." Nikamuuliza nani ameshawahi kuzisikia. Akafikiri kidogo. "Mimi."

Vesi zenyewe, yaani beti zake za rap, hazikuwa mbaya. Tatizo lilikuwa hilo jibu. Nimekaa na muziki huu tangu nikiwa kidato cha pili, mwaka 1996, na katika makosa yote niliyoyafanya, lililonila miaka mingi zaidi ni la kuchana, yaani kurap, nikiwa nimewapa watu mgongo. Kwa hiyo badala ya kumwekea biti, mdundo wa kuchania, nilimsimulia habari za sherehe moja ya watoto wa shule.

Ilikuwa tarehe 11 Agosti 1973, New York, upande wa Bronx, jengo namba 1520 la Sedgwick Avenue. Binti anayeitwa Cindy Campbell alitaka hela ya nguo za kufungulia shule. Akakodi ukumbi wa chini wa jengo walilokuwa wanaishi, akamwomba kaka yake Clive apige santuri. Kiingilio wasichana senti 25, wavulana senti 50. Huyo Clive, wakati huo ana miaka 18, ndiye dunia ilikuja kumjua kama DJ Kool Herc.

Herc alizaliwa Kingston, Jamaika, akahamia Bronx mwaka 1967. Kwao alikuwa ameshaona maspika makubwa yakipangwa nje na mtu akipiga maneno juu ya santuri. Angeweza kuja kuwalazimisha watu wa Bronx wacheze anachokipenda. Alijaribu kuwapigia reggae, hawakuinuka. Hakununa. Akahamia kwenye muziki wa fanki wa Wamarekani weusi, akawapigia kina James Brown, na hapo ndipo alipofanya kitu ambacho nadhani ndicho kiini cha rap yote: alisimama nyuma ya mashine zake akawatazama wachezaji.

Akagundua kuna watu wanakaa pembeni wimbo mzima. Wanasubiri. Kikifika kile kipande kifupi ambacho waimbaji wananyamaza na ala nyingine zinakata, inabaki ngoma na besi, wanaingia katikati na kumwaga kila walichonacho. Kipande chenyewe ni cha sekunde chache tu, kikiisha wanarudi ukutani. Basi Herc akatafuta nakala mbili za santuri ileile. Kipande kikiisha kwenye mashine hii, anakianzisha kwenye ile, anairudisha ya kwanza nyuma, na tena, na tena. Sekunde chache zikawa dakika nyingi. Mpaka leo biti yoyote inayozunguka palepale, hata hii unayoipakua bure kwenye simu, ni mjukuu wa mkono ule uliokuwa unahama kutoka santuri hadi santuri.

Haya nilikuja kuyasoma nikiwa mtu mzima, na niliposoma nilicheka peke yangu, kwa sababu na sisi tuliwahi kuyafanya bila kujua. Jirani yetu alikuwa na redio kaseti ya deki mbili. Unaweka kanda ya Kimarekani upande mmoja na kanda tupu upande wa pili, unarekodi kile kipande kisicho na maneno, unabonyeza pozi, kile kitufe cha kusimamisha kanda, unarudisha nyuma, unaachia pozi. Kipande cha sekunde 6, ukitaka biti ya dakika 3, unabonyeza mara 30. Ukichelewa kidole mara moja tu biti inachechemea, unaanza upya. Na betri zikiwa zimeshaanza kufa, biti inakuwa nzito kadiri inavyokwenda, kwa hiyo mchana tulizianika juani juu ya bati. Kazi ya Jumamosi nzima. Ukishabonyeza pozi mara 30 huwezi kuandika mistari ya hovyo juu ya biti hiyo. Unaiheshimu kama shamba ulilolilima kwa jembe.

Sasa, maneno yaliingiaje? Kijana wangu alidhani rapa ndiye aliyekuwa mfalme tangu siku ya kwanza. Hapana. Mwanzoni MC, yaani rapa mwenyewe, alikuwa msaidizi wa DJ. Coke La Rock, aliyeshika kipaza sauti kwenye sherehe za Herc, alianza kwa kutaja majina ya marafiki zake waliokuwa ukumbini. Basi. Fulani yupo, fulani nimekuona. Majina yakapata vibwagizo, vibwagizo vikapata vina, na miaka michache baadaye watu wanafika kumsikiliza msemaji kuliko santuri. Lakini mbegu ilikuwa kumwita mtu aliye mbele yako kwa jina lake.

Hili nililipuuza na likaniaibisha. Mwaka 1998, kwenye mahafali ya shule, nilipanda jukwaani na kofia ya kugeuza nyuma na Kiingereza cha puani. Nikataja theluji. Nikataja Brooklyn, mtu ambaye mbali kabisa nilikofika ni Dodoma. Watu hawakunizomea, afadhali wangenizomea. Walinitazama kwa upole, kama abiria wanaosubiri gari lijae. Aliyenifuata hakuwa na sauti wala biti, alipigiwa meza tu. Lakini mstari wa kwanza alimtaja mpishi wa shule na mwiko wake, wa pili mwalimu wa zamu na fimbo aliyoificha kwenye mkono wa koti. Ukumbi ulibomoka. Mpishi mwenyewe alitoka jikoni kuja kusikiliza.

Cha kushangaza, njia ilikuwa imeshafunguliwa na wakubwa zetu, nami nilikuwa nazo kanda zao. Saleh Jabir alikuwa ameshachukua wimbo wa rapa wa Kimarekani, Vanilla Ice, mwaka 1991 na kuuvika Kiswahili. Kundi la Kwanza Unit walikuwepo. Rapa Sugu, ambaye baadaye wana Mbeya walimpeleka bungeni mwaka 2010, alikuwa anachana maisha ya kijiweni kwa lugha ya kijiweni. Mimi nikaona hayo ni ya kienyeji. Ujana.

Nilipohamia Kiswahili nikakutana na tatizo jingine, na hapa naomba anayeandika mistari asome polepole. Maneno yetu ni marefu. "Niliwaambia" ni silabi 6. Mmarekani jambo hilohilo analimaliza kwa silabi 3, anabaki na nafasi ya kuvuta pumzi. Ukichukua mtindo wa Mmarekani ukaumwagia Kiswahili, unatoka kama mtu anayekimbilia basi huku anakula. Usikimbize ulimi. Punguza maneno. Ondoa "kwamba", ondoa "ambaye", acha kitenzi kibebe mzigo, maana kitenzi cha Kiswahili peke yake ni sentensi.

Na vina. Darasani tulifundishwa kwamba "kazi" na "ndizi" zina kina kimoja, "zi". Kwenye karatasi ni sawa kabisa. Kwenye biti sikio linadai zaidi, kwa sababu mkazo wetu unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, na ile silabi ndiyo unayotaka iangukie kwenye pigo la pili au la nne katika kila mapigo manne ya biti. Hapo msikilizaji anasikia "ka" na "ndi", hazifanani, kina kinapotea. Weka "kazi" na "ngazi", weka "ndizi" na "mbizi", kisha rudia mstari huku unapiga kofi. Utasikia tofauti mwenyewe.

Marekani nako hawakufika kwa siku moja. Rap za mwanzo zina kina mwishoni mwa mstari, basi, kama za watoto wanaoruka kamba. Rapa Rakim alipotoka mwaka 1986 alianza kupanda vina katikati ya mstari na kuuvusha mstari mmoja mpaka ndani ya mwingine. Alikuwa amejifunza saksafoni, na ukimsikiliza unasikia mtu anayepumua kama mpuliza saksafoni. Wakati huo sisi huku tuna shairi lenye kina cha kati na kina cha mwisho, mizani nane kwa nane, limekaa kwenye vitabu vya shule tunalikariri ili tujibu mtihani. Nilitupa kitabu hicho baada ya kidato cha nne. Nimekinunua tena nikiwa na miaka 30.

Nimalizie na daftari la mistari, maana ndilo lililonigharimu.

Rap ya kwanza kutamba dunia nzima ni "Rapper's Delight" ya mwaka 1979. Sylvia Robinson, mwenye kampuni ya kutoa muziki ya Sugar Hill huko New Jersey, aliokota vijana watatu wakaunda Sugarhill Gang. Mmoja wao, Big Bank Hank, alikuwa anauza piza. Mistari aliyochana ilikuwa ya rapa Grandmaster Caz wa Bronx, na aliichukua ilivyo, mpaka pale ambapo Caz anajitaja kwa kutamka jina lake la kisanii herufi moja moja. Wimbo ukazunguka dunia Hank akijitambulisha kwa jina la mwenzake, na Caz hakuandikwa popote kama mtunzi.

Mwaka 2001 nami nilimwazima daftari mtu niliyemwita ndugu, anakwenda Dar. Miezi minne baadaye niko kwenye daladala, redio inapiga vesi yangu kwa sauti yake. Alikuwa hajawahi kulala mtaani kwetu Mji Mpya hata siku moja, lakini mstari wa tatu unasema "nimekulia Mji Mpya", kwa sababu hakujisumbua hata kubadilisha mtaa. Nilimwambia konda hiyo vesi ni yangu. Akaniambia nilipe nauli.

Ndiyo maana kwenye chumba changu biti haipigi kabla ya karatasi. Majina ya wote waliohusika, nani ameandika nini, asilimia ngapi kwa nani, tarehe, sahihi. Nakala moja yangu, nyingine yako, na wimbo ukikamilika nakuelekeza COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ukausajili. Vijana wengine wanaona namna hiyo ni kutoaminiana, nami nawaambia ndiyo, ni kutoaminiana.

Yule wa vesi 42 nilimrudisha kijiweni kwake akawachanie wenzake bila biti na atazame ni wapi wanainua vichwa kutoka kwenye simu. Amerudi juzi. Zimebaki vesi 5. Nikampa karatasi, akaandika kwa mbwembwe jina lake la kisanii lenye namba mbili na nyota katikati. Nikamrudishia kalamu, nikamwambia aandike lile la kwenye kitambulisho.