Mama anaanza mionzi ya saratani ya mlango wa kizazi: atarajie nini?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mama yangu ana miaka 52 na amegundulika na saratani ya mlango wa kizazi, hatua ya 2B. Tumetoka Songea hadi hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Amepangiwa mionzi ya nje mara 25, dripu ya dawa ya saratani kila wiki, kisha mionzi ya ndani mara 4. Je, ataungua? Ataweza kumbeba mjukuu wake? Na kwa nini ameambiwa aingie kwenye mashine akiwa na mkojo?

JIBU: Marahaba. Nianze na mjukuu, maana hilo huwanyima watu usingizi bure. Ambebe, ampakate, walale kitanda kimoja. Mashine ya mionzi ya nje ikizima, hakuna kinachobaki mwilini mwa mama, wala kwenye nguo au mkojo wake. Hata kwenye mionzi ya ndani, chanzo huingizwa kwa dakika chache na kurudi kwenye kasha lake ndani ya mashine. Habari za kukaa mbali na watoto zinawahusu wagonjwa wa saratani ya tezi ya thairoidi wanaomeza ayodini yenye mionzi.

Kuungua: tunasema "kuchomwa mionzi", na neno lenyewe linatisha kuliko kazi yenyewe. Juu ya meza hatasikia joto wala maumivu, ni mlio wa mashine tu. Atalala chali dakika 10 hadi 15, peke yake chumbani, lakini anaonekana kwenye kamera na akiita anasikika. Kabla ya siku ya kwanza atapigwa CT skani (picha ya mwili) ya kupanga mionzi na kuwekewa vialama kwenye ngozi ya nyonga na tumbo. Vikiwa vya wino, asivisugue kwa dodoki. Vikifutika, asijichoree mwenyewe, awaambie wataalamu wa mashine. Ngozi huweza kuwa nyeusi na kuchubuka kwenye mikunjo ya mapaja na makalio. Aoshe kwa maji ya uvuguvugu, akaushe kwa kugusagusa, avae chupi ya pamba isiyobana, na asipake kitu ambacho hakupewa kliniki. Nywele za kichwani hazinyonyoki kwa mionzi ya nyonga.

Mkojo sasa. Kibofu kikijaa huusukuma utumbo mwembamba juu, nje ya njia ya mionzi. Kikiwa kitupu, utumbo hushuka na kupokea dozi isiyouhusu, na matokeo yake ni kuharisha zaidi. Kwa kawaida mgonjwa hukojoa, hunywa karibu nusu lita ya maji, kisha husubiri kama dakika 45. Afuate kipimo alichopewa, na kiwe kilekile kila siku. Kinachoharibu hapa ni foleni: mama amekunywa, zamu haifiki, anakwenda msalani kimya kimya, kisha anaitwa. Akizidiwa aseme. Ni afadhali anywe upya na kusubiri.

Kuharisha huanza mara nyingi wiki ya 2 au ya 3. Apunguze maharage, kabichi, maziwa, pilipili na vya kukaanga. Wali, ndizi mbivu, viazi vya kuchemsha na samaki vinafaa. Ampigie hodi daktari siku hiyo hiyo akienda choo cha maji mara 6 au zaidi, akitapika hata maji, au joto likifika nyuzi 38. Mkojo ukiunguza, upimwe kwanza: unaweza kuwa mionzi, unaweza kuwa maambukizi, na antibayotiki ya kununua dukani haitatibu mionzi.

Dripu hiyo ya dawa ya saratani kwa kawaida ni sisplatini, nayo huweza kudhuru figo. Ndiyo maana damu hupimwa kila wiki. Akiumwa kichwa au mgongo atumie panadoli, asimeze diklofenaki. Mitishamba aiweke kando kwa wiki hizi. Kama anatumia ARV, asiziache hata siku moja. Wingi wa damu (hemoglobini) ukiwa chini ya 10 huenda akaongezewa damu, kwa sababu mionzi haifanyi kazi vizuri kwenye uvimbe wenye oksijeni kidogo.

Mionzi ya ndani huogopwa zaidi. Atapewa usingizi, sindano ya mgongoni au dawa ya maumivu, kisha vifaa vyembamba vitaingizwa ukeni hadi kwenye kizazi na kuzungushiwa vitambaa vingi vya gozi vya hospitali, ili kibofu na njia ya haja kubwa vikae mbali. Mpira wa mkojo utakuwepo. Kupiga picha na kukokotoa dozi ndiko kunakochukua muda; mionzi yenyewe ni dakika chache.

Lakini ambalo hukuuliza ndilo ninalolisisitiza: siku. Matibabu yote, nje na ndani, yanatakiwa kuisha ndani ya wiki 8. Mara 25 kwa siku 5 za wiki ni wiki 5 kamili; zinabaki wiki 3 kwa ile mara 4 ya ndani. Ongeza sikukuu, mashine kuharibika na safari ya Songea "kuangalia shamba", hesabu inagoma. Seli zilizobaki huongezeka kwa kasi mgonjwa akisimama, na nafasi ya kupona hupungua. Tafuteni chumba Dar cha miezi 2. Akikosa siku, ulizeni jinsi ya kuifidia. Wakati mwingine huwekwa mionzi 2 siku moja, ikiachana kwa saa 6 au zaidi.

Baadaye hedhi, kama bado ilikuwepo, itakoma, na uke hukauka na kusinyaa. Wiki chache baada ya kumaliza aulizie kifaa cha kupanua uke, akitumie mara 2 au 3 kwa wiki. Wengi huona haya kuuliza, na ukishaziba ni vigumu kuufungua. Damu ikionekana kwenye choo miezi au mwaka baadaye, arudi kliniki, na amwambie yeyote atakayemchunguza kwamba alipata mionzi ya nyonga kabla hajakatwa kinyama cha kupima. Kidonda kwenye utumbo uliopigwa mionzi hupona kwa shida sana.