Ami amefura kwa siku moja na kitu, ndio kusema ni sumu?

SWALI: Asalaam aleikum. Ami yetu alikuwa akikaa peke yake chumba cha mabati hapa Kisauni. Jumamosi isha alionekana msikitini mzima, Jumatatu adhuhuri mlango ukavunjwa akakutwa ameshafariki, uso mweusi, tumbo limefura, damu yatoka puani. Tumemzika jioni ile ile bila posmotamu, yaani bila daktari kuupasua mwili kuuchunguza. Sasa nusu ya familia wasema ni sumu, ati mtu haharibiki hivo kwa siku moja na kitu. Ni kweli?
Binti wa Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam dadangu, poleni sana na msiba.

Kwa joto la Mombasa, tena ndani ya mabati yaliyofungwa, hio si ajabu hata kidogo. Bakteria wa matumboni hawafi na mtu, waendelea kula na kutoa gesi, na joto na unyevu ndio vyawapa mbio, sasa ile gesi hufurisha tumbo na kusukuma maji mekundu mpaka yatoke puani na mdomoni, watu wakiona wasema kapigwa au kalishwa kitu. Uso kuwa mweusi ni huko huko kuoza. Wataalamu wana kanuni ya zamani, ya kukisia tu, kwamba mwili ukikaa wiki moja hewani huoza sawa na wiki 2 majini au 8 chini ya udongo.

Lakini pia msiseme basi hakuna sumu, manake kwa macho haijulikani, hio ni kazi ya maabara.

Linaloniudhi mimi ni vile mlango ukishavunjwa tu, madirisha yanafunguliwa, feni inawashwa, udi unafukizwa, wote nia yao njema, kumbe mpelelezi alitaka kujua chumba kilikuwa na joto gani na nzi walikuwa washaingia ama bado, kwa sababu mayai na mabuu yao ndio saa yake ya kukisia mtu alikufa lini. Kupima joto la mwili hapa hakusaidii sana, hewa yenyewe yakaribia joto la mtu.

Kama bado mna shaka nendeni polisi, kufukua kwataka amri ya korti. Kule msitu wa Shakahola, Kilifi, kwa wale wafuasi wa mhubiri waliofunga mpaka kufa, 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400, mingine imeoza mpaka ikabidi DNA kuwatambua. Ila msicheleweshe: aseniki hubaki kwenye nywele na mifupa muda mrefu, sumu nyingine nyingi hupotea mwili unavyooza.