Waranti ya Ziada ya Gari la Umeme: Uliza Kwanza Gereji Iko Wapi

Ukishapatana bei ya gari la umeme, usidhani mazungumzo yamekwisha. Muuzaji atatoa karatasi nyingine: waranti ya ziada. Mimi niliwekewa hiyo karatasi nikinunua Nissan Leaf iliyotumika Japani, kwenye yadi moja Nairobi. Walitaka shilingi 90,000 kwa miaka miwili. Niliomba kwenda na mkataba nyumbani Kisumu niusome kwa utulivu, na nawe fanya vivyo hivyo hata muuzaji akikunja uso.

Kinachouza waranti hizi ni hofu ya betri. Leaf ya kilowati-saa 40 hutoka kiwandani na waranti ya betri ya miaka 8 au kilomita 160,000, lolote litakalotangulia. Kenya nayo hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Ziweke hizo mbili pamoja: gari la bei nafuu linaloshushwa Mombasa mara nyingi limeshamaliza karibu muda wote wa kiwanda, kwa sababu hesabu ilianzia Japani, si siku uliyopata logbuku. Muuzaji akikuambia "bado ina waranti ya kiwanda", mwambie akuonyeshe maandishi kwamba itaheshimiwa hapa Kenya.

Basi si ndiyo sababu ya kununua ya ziada? Ningekubali, kama ingefidia kile kitakachokupata. Betri ya Leaf haina mfumo wa maji wa kuipoza, na joto huizeesha. Kisumu si Limuru. Inachopoteza ni uwezo, polepole, na karatasi yangu ilisema wazi kwamba huo ni uchakavu wa kawaida. Wao wanalipia kasoro tu. Kwa hiyo pima kabla ya kulipa. Dashibodi ina vijisanduku 12 vya afya ya betri, na cha kwanza kinapopotea, takriban asilimia 15 ya uwezo imeshakwenda. Afadhali zaidi, chomeka kifaa cha OBD, kile cha kusomea kompyuta ya gari, na usome kwa programu ya LeafSpy kwenye simu. Yadi ikikataa, ondoka.

Zinabaki mota, inveta (inayogeuza umeme wa betri uendeshe mota), chaja ya ndani na kompresa ya AC. Kwa hizi mbili za mwisho ningeweza kulipa, maana spea zake si za kuokotwa Obote Road hapa Kisumu.

Lakini matengenezo yangefanyika wapi? Kipengele kilichonifunga mkono kilikuwa hiki: gari lipelekwe kwenye gereji yao Nairobi kwa gharama ya mteja. Leaf huendeshwa na magurudumu ya mbele, na hayo hayafai kuburutwa barabarani, kwa hiyo unahitaji lori la kubeba magari kutoka Kisumu kupitia Kericho hadi Nairobi, zaidi ya kilomita 300. Hiyo ni ya kwenda tu. Tena servisi zote zifanywe kwao, na fundi mwingine akigusa mfumo wa umeme, waranti inakufa. Kulikuwa pia na kikomo cha malipo kwa kila dai, kimeandikwa kwa herufi za kuumiza macho. Maji ya mafuriko hayamo kabisa. Hilo kamuulize wakala wako wa bima, hasa kama unapita Ahero majira ya masika.

Nilikataa. Zile 90,000 nikaziweka sacco, akaunti ya gari peke yake. Mpaka sasa zimeguswa kwa betri ndogo ya volti 12 (ikifa hiyo, gari haliwaki hata kama betri kubwa imejaa) na busha za mbele. Vyote viwili vilikuwa kwenye orodha ya vitu wasivyolipia.

Shemeji yangu wa Nakuru nilimshauri kinyume. Lake lilikuwa jipya, la mkopo, na muuzaji ana gereji mjini humo humo. Gari likilala wiki tatu, benki haitalala naye. Nilimwambia achukue waranti, ila kwanza aulize nani atalipa madai yadi ikifungwa, na adai iandikwe kwamba inahamia kwa mnunuzi akiliuza gari. La pili walilikubali bila ubishi. La kwanza liliwachukua simu kadhaa kwa makao makuu.